Ukisogea Karibu, Mwanga Unakimbia: Mwongozo Kamili wa Lenzi za Makro kwa Wapiga Picha wa Nyanda za Juu Kusini

Chukua lenzi ya makro ya milimita 100 yenye tundu la f/2.8. Fungua tundu lote, kisha lisogelee ua mpaka lenzi igome kusogea zaidi. Kwenye kamera nyingi, Canon zikiwemo, skrini itaendelea kukuonyesha 2.8 vilevile. Usiiamini. Mwanga unaofika kwenye sensa wakati huo unakaribia ule wa f/5.6, yaani robo tu ya uliokuwa ukiupata ulipoupiga mlima Loleza kwa mbali. Lenzi ni ile ile, tundu ni lile lile, ila robo tatu ya mwanga imeishia njiani.

Mimi hilo nilijifunza kwa hasara. Kazi yangu ya kila siku ni harusi, kipaimara na paspoti saizi. Makro ni ulevi wangu wa Jumapili. Mara ya kwanza kupanda hifadhi ya Kitulo na lenzi ya kuazima nilirudi Mbeya na picha 214. Zilizofaa zilikuwa 3. Nikailaumu lenzi, nikamlaumu kimoyomoyo hata aliyeniazima, na siku ya kuirudisha nilimwambia ina matatizo. Haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa hesabu ambayo sikuipiga na mwili ambao sikuutuliza, na haya mawili ndiyo mwongozo wote huu. Nachukulia kwamba tayari unajua ISO ni nini, shata ni nini, na kwamba namba ya tundu ikipanda tundu linazidi kuwa dogo.

Mwanga unapotelea wapi

Umeme ukikatika, washa tochi uielekeze ukutani kwa karibu. Utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Rudi nyuma hatua tatu: duara limepanuka na limefifia, ingawa tochi haijapunguza chochote. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kamera. Ili kukuza kitu kidogo, lenzi lazima ikae mbali zaidi na sensa. Taswira inatandazwa kwenye eneo kubwa, na sensa inaambulia kipande cha katikati tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha namba ya tundu kwa moja jumlisha ukuzaji. Ukuzaji wa 1:1 maana yake kitu chenye upana wa milimita 10 kinachora taswira ya milimita 10 kwenye sensa. Basi f/2.8 mara 2 ni f/5.6, umepoteza stopu mbili (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu). Kwenye 1:2, yaani nusu ya ukubwa halisi, unapoteza stopu moja na kidogo. Kwenye 2:1 hasara inapita stopu tatu, na kwenye 5:1 inapita tano. Ipo lenzi moja ya Canon, MP-E 65mm, inayokuza kuanzia 1:1 hadi 5:1. Ukiiweka f/16 kwenye 5:1, kwa sensa hiyo ni f/96. Sina la kuongeza hapo.

Nikon wao huonyesha namba halisi. Mwenye Micro 105mm f/2.8 VR akisogea hadi 1:1 ataona skrini ikipanda yenyewe mpaka 4.8 hivi, na wengi hudhani kamera imeharibika. Imefika 4.8 badala ya 5.6 kwa sababu lenzi nyingi za kisasa hufokasi kwa kusogeza vioo vya ndani, na urefu wake wa kweli wa fokasi hupungua kadiri unavyokaribia. Kwa hiyo kanuni ile ni ya kukupa picha ya jumla; kipimo cha lenzi yako mwenyewe utakipata nyumbani.

Sasa mtego wenyewe. Kamera hupima mwanga uliokwisha kupita kwenye lenzi, kwa hiyo ukipiga kwa A au Av, yaani wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata, picha haitakuwa nyeusi. Kamera italipa deni hilo kimyakimya kwa kupunguza kasi ya shata. Hutaona giza popote. Utaona picha iliyotikisika, na utadhani mikono yako ni mibovu. Picha zangu 214 ziliharibikia hapo.

Hatua ya kwanza: ipime lenzi yako dirishani

Bandika karatasi nyeupe ya A4 kwenye kioo cha dirisha mchana wa mawingu, ili mwanga usibadilikebadilike. Weka kamera kwenye M (kila kitu unapanga mwenyewe), ISO 400, f/4, fokasi ya mkono. Zungusha fokasi hadi mwisho wa mbali, jaza fremu kwa karatasi (kutokuwa kali hakudhuru), kisha rekebisha shata mpaka mita ya mwanga ya kamera ikae sifuri. Andika namba. Sasa zungusha hadi mwisho wa karibu, jaza tena karatasi ile ile, ulete mita sifuri. Tuseme mwanzo ulipata 1/400 na sasa 1/100: hizo ni stopu mbili. Kama kamera yako ni Nikon, huenda ile f/4 ikapanda yenyewe katikati ya jaribio. Usiirudishe, ndiyo hasara yenyewe inayoonekana.

Ukishamaliza, weka rula mezani uisogelee hadi mwisho. Mwenye sensa ya fremu kamili akiona milimita 36 kutoka ukingo hadi ukingo, amefika 1:1. Mwenye sensa ndogo ataona 22 au 23. Kuna lenzi zinauzwa zimeandikwa Macro ubavuni na hazifiki hata 1:3, kwa hiyo rula hii ipeleke hadi dukani kabla hujatoa pesa.

Hatua ya pili: chagua kifaa kwa kuhesabu mwanga

Si lazima ununue lenzi ya makro. Tyubu za kurefushia ni mabomba matupu yasiyo na kioo unayoyaweka kati ya kamera na lenzi. Tyubu ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50 inakuongezea ukuzaji wa nusu. Ni rahisi na hazipunguzi ubora wa kioo, ila zinakula mwanga kama nilivyoeleza, na ukishazivaa huwezi kupiga kitu cha mbali.

Kioo cha kufunga mbele ya lenzi, kile cha diopta (kipimo cha nguvu ya kioo), hakisemwi vya kutosha. Hakiisogezi lenzi mbali na sensa, kwa hiyo karibu hakuna mwanga unaopotea. Raynox DCR-250 ni diopta 8. Ukiibana mbele ya lenzi ya zoom iliyovutwa hadi 250 na fokasi ikiwa mwisho wa mbali, unapata 2:1, na mdudu atakuwa sentimita 12 na kitu kutoka kwenye kioo. Kwa mtu anayeanza, mwenye zoom ya kawaida nyumbani, ningemwambia aanze na hiki. Kugeuza lenzi ya 50 mbele nyuma nako kunawezekana. Nimejaribu, vumbi la Makambako likaingia kwenye sensa, sirudii.

Ukiamua kununua makro kamili, angalia umbali wa kufanyia kazi. Ile 0.3 m iliyoandikwa kwenye lenzi ya 100 inapimwa kutoka kwenye sensa. Mbele ya kioo zinabaki kama sentimita 13 au 14. Lenzi ya 60 inabakiza 9 hivi, na hapo kivuli cha lenzi yenyewe kinamfunika mdudu. Ile kofia ya kuzuia jua inaumeza umbali huo huo, kwa hiyo ivue.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla hujapanda gari

Tuchukue asubuhi ya Januari Kitulo, mawingu mazito. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema jua likiwaka wazi weka f/16 na shata iwe 1 gawanya kwa ISO; wingu zito ni f/5.6. Basi kwa ISO 400 una f/5.6 na 1/400. Lakini unataka f/11 ili ua lionekane zaidi ya petali moja: stopu mbili, 1/100. Ukisogea hadi 1:1 zinaondoka nyingine mbili: 1/25. Kwa 1/25 na kamera mkononi, kwenye 1:1, hata mganga hakusaidii. Panda ISO hadi 3200, stopu tatu, unarudi 1/200. Hapo panafanyika kazi.

Kwa hiyo usiogope ISO. Picha yenye chenga kidogo unaweza kuisafisha, ila iliyotikisika haina dawa. Mimi napiga M, nachagua tundu na shata, ISO naiachia kamera na kuiwekea mpaka wa 3200. Ndani ya msitu wa Rungwe, chini ya miti na ukungu, hesabu hiyo inazama hata ukipanda hadi 6400. Huko bila flashi unapoteza nauli.

Hatua ya nne: ukanda mwembamba kuliko unavyodhani

Kwenye 1:1 na f/8, sensa ya fremu kamili, ukanda wa fokasi una unene wa milimita 1 hivi. Kadi ya benki ina milimita 0.76. Sasa mshike panzi kichwani mwako na ujiulize ni kipande gani chake kinaingia ndani ya kadi. Ukienda 2:1 kwa tundu hilo hilo, unabaki na nusu ya kadi.

Mtu husema basi nitabana hadi f/22. Usifanye. Mwanga ukipenya kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na picha nzima hulegea. Tena kumbuka ile hesabu: f/16 kwenye 1:1 ni sawa na f/32. Mimi nakaa f/8 hadi f/11, na nikizidi 1:1 narudi f/5.6. Badala ya kubana tundu, geuza kamera. Kipepeo aliyefunga mabawa mpige ubavuni, sensa ikiwa sambamba na bawa, na bawa zima litaingia kwenye milimita yako moja. Mpige kwa mshazari, utapata jicho na ncha ya kipapasio, basi. Kwa mdudu yeyote, jicho likiwa kali, watu watakusamehe mengine.

Kuunganisha picha nyingi zilizofokasiwa hatua kwa hatua, kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker, hufanya kazi vizuri sana, lakini mezani. Porini, kwenye upepo wetu, ni kujitafutia kisirani.

Hatua ya tano: mwili wako ndio traipodi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi hufia.

Ukitikisika ukiwa unapiga mlima, tatizo ni kamera kuinama na kugeuka. Kwenye makro linaongezeka jingine: mwili mzima kuyumba, mbele nyuma, kulia kushoto. Simama wima ufumbe macho, utausikia. Milimita mbili tatu zile, ambazo kwenye harusi hazina habari, hapa zinautoa ukanda wa fokasi nje ya mdudu kabisa. Kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi kinasaidia nusu nusu: kwenye ile makro ya 100mm ya daraja la L iliyotoka 2009, Canon wenyewe walitaja stopu 4 kwa umbali wa kawaida na 2 tu kwenye 1:1. Na hakuna kizuizi cha aina hiyo kinachozuia kuyumba mbele na nyuma.

Kwanza zima fokasi ya otomatiki. Kwenye 1:1 itakwenda ikirudi kama daladala inayotafuta abiria Kabwe, na mdudu ataondoka. Weka ukuzaji unaoutaka kwa pete ya fokasi, kisha usiiguse tena. Fokasi utaipata kwa kusogeza mwili: lete kamera pole pole mpaka jicho la mdudu liingie kwenye ukali, bonyeza kabla halijafika hasa, kwa sababu kati ya kuona na kubonyeza utakuwa umeshasogea. Piga tatu mfululizo. Kwa kawaida moja kati ya tatu hukaa.

Piga goti moja. Kiwiko cha kushoto kikae juu ya goti lililosimama, lakini nyama juu ya nyama, yaani nyuma kidogo ya kiwiko, kwa kuwa mfupa juu ya mfupa huteleza. Cha kulia kibane kwenye mbavu. Vuta pumzi, toa nusu, zuia, bonyeza. Usizuie muda mrefu. Baada ya sekunde kadhaa mapigo ya moyo yenyewe yanaitikisa kamera, na Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, pumzi haina uvumilivu.

Kama mdudu yuko kwenye jani au shina unaloruhusiwa kuligusa, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Mkono wa kushoto ushike shina kwa vidole viwili, na lenzi ilale juu ya mkono huo huo, kwenye kifundo. Upepo ukija, shina, mkono na lenzi vinakwenda pamoja. Umbali kati ya kioo na mdudu haubadiliki. Siku niliyoianza njia hii, kwenye shamba la pareto la jirani, ndiyo siku niliyoacha kubeba traipodi kwa ajili ya wadudu.

Kwa maua ya chini, lala kifudifudi na uweke kamera juu ya mfuko wa maharage. Kilo moja na nusu kwenye mfuko wa kitambaa ulioshonwa inatosha. Usiujaze, uache ulegee ili kamera izame. Mfuko wangu una maharage ya Uyole, na safari moja mvua ilipotufungia Matamba tuliyala. Kabla ya kulala chini, hasa upande wa Tukuyu, kagua siafu. Nisikueleze nilivyojua.

Traipodi ifae maua tu, na iwe ile ya kushuka hadi chini. Zima kizuia mtikisiko, tumia saa ya sekunde 2, na kama kamera yako ina kioo cha ndani, kiinue kwanza.

Hatua ya sita: upepo

Upepo ndio unaoamua ratiba. Toka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Usiku wa baridi wadudu huganda, miili yao huwa mizito, umande umewalowanisha, na hewa bado imetulia. Nyuki niliyemkuta kwenye ua la parachichi saa moja asubuhi alinivumilia dakika kumi; wenzake saa nne hawakunipa hata sekunde.

Upepo ukianza, mwambie mwenzako ashike mwavuli upande unakotoka. Kama uko peke yako, funga kitenge kwenye vijiti viwili. Kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti kinaweza kushikilia shina lisiyumbe, ilimradi shina liwe la shambani kwako, si la hifadhini. Na ujifunze kusubiri. Upepo huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi shina hurudi, likasita pale mwisho wa mwendo wake. Piga wakati linasita.

Hatua ya saba: leta mwanga wako mwenyewe

Hesabu yote ya hatua ya tatu hubadilika ukiweka flashi karibu na mdudu. Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unakuwa mara nne, kwa hiyo hata flashi ndogo ya bei poa inatosha. Faida ya pili ni kubwa zaidi: ukiiendesha kwa nguvu ndogo, 1/8 au 1/16, mwako wake huisha kwa muda mfupi kuliko shata yoyote utakayoweka, mara nyingi chini ya 1/5000 ya sekunde. Mtikisiko na upepo havipati nafasi. Kuyumba mbele na nyuma bado kutakutoa kwenye fokasi, hilo flashi haliwezi.

Anza na M, 1/200, f/11, ISO 200, flashi 1/16 kwa mkono. Picha ikiwa nyeusi panda 1/8, ikiungua shuka. Usitegemee flashi ya otomatiki kwenye okidi nyeupe. Itadhani ni mwanga mwingi na kukuletea ua la kijivu. Na flashi ile inayochomoza juu ya kamera usiitumie: kwa umbali huu lenzi inaikinga na utapata nusu duara ya giza chini ya picha. Itoe flashi juu kwa waya au kwa rimoti, iegemee karibu na mdomo wa lenzi.

Kisha ilainishe. Flashi tupu juu ya gamba la mbawakawa huacha doa jeupe, kali, kama taa ya gari kwenye bati. Kilainishi changu nimekitengeneza hivi. Kata boksi la kadibodi liwe kama mdomo wa tarumbeta, mdomo mdogo ukivaa kichwa cha flashi na mpana ukitokeza juu ya mwisho wa lenzi. Ndani bandika karatasi ya foili. Mdomoni hapo zamani nilikuwa naweka mfuko wa plastiki mweupe. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 nimehamia kwenye ile mifuko mbadala myeupe isiyochapwa maandishi, na kwa kweli inafanya kazi vizuri zaidi, nyuzi zake zinatawanya mwanga sawasawa. Weka tabaka mbili zilizoachana sentimita tatu hivi, na lisiwepo linalogusa kioo cha flashi, maana linapata joto. Kitakula stopu moja hadi mbili. Panda nguvu ya flashi ulingane.

Utajua kimekubali ukiangalia gamba la mbawakawa au tone la umande kwa kukuza skrini. Kama ndani yake unaona kidirisha cheupe chenye kingo laini, umepatia. Kama ni kinukta, sogeza kilainishi karibu zaidi.

Flashi ina kero yake: nyuma ya mdudu huwa giza tupu, kama amepigwa usiku wa manane, kwa sababu mwanga wake haufiki huko. Weka jani kavu au la kijani sentimita tano nyuma yake. Au panda ISO 800 na ushuke shata hadi 1/60 ili mwanga wa asili nao uingie, ukikubali kwamba upepo utachora kivuli kidogo cha pili.

Mahali na adabu zake

Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina kilometa za mraba 412.9, na okidi za ardhini ndizo zilizoipa umaarufu. Nenda kati ya Desemba na Aprili. Ukipandia Chimala utapita zile kona hamsini na saba hadi Matamba. Funga lenzi kwenye sweta, siyo kwenye buti la gari. Ukitokea Mbeya mjini, pitia Isyonje.

Huko usitoke njiani bila askari wa hifadhi, na kabla ya kuweka goti chini angalia unachokikandamiza; okidi ambayo haijachanua inafanana na nyasi. Viazi vya okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ni moja ya sababu zilizofanya eneo lilindwe. Kwa hiyo zima GPS ya simu na ya kamera kabla ya kurusha picha mtandaoni. Andika Kitulo, inatosha.

Kwenye vilima vya Poroto na Rungwe yupo kinyonga wa pembe tatu, Trioceros fuelleborni. Ni mfano mzuri wa kujifunzia: mkubwa, mpole, haruki. Tatizo ni kuomba njia. Karibu na Tukuyu nilikuwa nimechutama kando ya mgomba bibi mmoja akanisimamia.

"Mjukuu wangu, umepoteza nini humo?"

"Shikamoo bibi. Natafuta kinyonga."

"Marahaba. Kinyonga hatafutwi, hukimbiwa." Akavuta kanga yake, lakini hakuondoka mpaka nilipompata, na ni yeye aliyenishikia mwavuli, kwa mbali, mkono umenyooka. Kinyonga usimtoe kwenye tawi wala kumhamishia penye mwanga mzuri; mwanga mfuate wewe.

Kurudi nyumbani

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na lenzi yako itaijua kila moja. Kamera iliyokaa kwenye baridi usiitoe mfukoni ukiwa ndani ya chumba chenye jiko la mkaa. Mvuke utaganda kwenye kioo, na ukiingia ndani ya lenzi, baada ya miezi utaona ukungu mweupe wenye matawi kama utando wa buibui. Huo ni kuvu, na fundi wa kuutoa ni ghali. Ukiwa bado nje, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ingia nayo, iache saa mbili, ndipo ufungue.

Picha usizichambue jioni hiyo, utazipenda zote. Zifungue kesho yake kwenye kompyuta, kuza asilimia 100, angalia jicho. Kali, inabaki. Karibu kali, futa. Na kabla ya kufuta, soma shata iliyotumika kwenye kila iliyoharibika: ukikuta 1/40 na 1/60 zimejaa, tatizo lako bado ni mwanga, rudi hatua ya tatu. Ukikuta 1/200 na bado ni ukungu, tatizo ni kiwiko. Safari yangu ya mwisho Kitulo nilipiga 96, zikabaki 22, na kati ya zile zilizofutwa, nyingi ni za saa nne kuendelea, upepo ulipokuwa umeshaamka.